Harib na Injini Iliyokohoa Kilimani

Ndugu yangu Harib alizaliwa mwaka ambao kisima cha bondeni kilikauka, na mama yetu akafariki hajamaliza kumnyonyesha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne. Nikamlea. Nasema hivi mapema ili mtu asije akauliza kwa nini mwanamume wa miaka arobaini na minane, ndevu zimeingia mvi, alikuwa akinisikiliza mimi Ghaniya kama mtoto. Alinisikiliza kwa sababu nilimzoesha hivyo, na hilo silijutii. Ninalojutia ni jingine.

Kazi yake ilikuwa pampu za dizeli za mashamba ya mitende. Alikuwa fundi wa masikio. Tumekaa uani tunakunywa kahawa, pampu tano zinanguruma huko mashambani, yeye anainua kidole anasema, "Ya shamba la Salbukh hiyo, valvu imeanza kuungua." Baada ya siku mbili mtu wa Salbukh anakuja mbio na kanzu imeingia grisi. Watu walimheshimu. Kisha umeme ukafika mashambani, pampu za dizeli zikatupwa, njiwa wakajenga viota ndani yake, na ndugu yangu akakaa nyumbani miaka miwili. Mwanamume akikaa ndani mchana kutwa anakuwa kama kabati, unamzunguka kila ukifagia.

Aliyemtoa ndani ni Thuwaini, kijana wa jirani, mwajiriwa wa idara ya maji. Thuwaini alikuwa na gari la kupandia vilima vya mchanga. Hapa kwetu, pembeni mwa jangwa la mchanga la Sharqiya, msimu wa baridi kila Ijumaa baada ya laasiri wanaume hukusanyika chini ya Kilima, lile tuta refu la mchanga. Gari moja moja hupunguzwa upepo matairi, hurudi nyuma, hukimbia, hupanda. Likifika juu, wote hupiga honi. Lisipofika, hushuka kinyumenyume na dereva wake hatakula chakula chake kwa raha mpaka Ijumaa nyingine. Na si dereva tu. Kila gari lina fundi wake, na jina la fundi hupanda au hushuka na gari.

Thuwaini alikuwa amefungiwa tabo kubwa, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na watu wa mjini, wakamwachia injini inanguruma vizuri bila nguvu. Alimjia Harib kwa sababu yuko karibu.

"Ami Harib, wewe si unasikia injini? Njoo unisikilizie hii."

Harib akasikiliza. Akasema, "Hii sijui lugha yake."

"Utajifunza."

Akajifunza. Nilimwona akijifunza, maana karakana yake ilikuwa banda la mbuzi wangu wa zamani, ukuta mmoja na jiko langu. Alianza na ile kompyuta ndogo ambayo waya wake unachomekwa chini ya usukani. Inaonyesha jedwali la vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kila chumba kina namba: injini ikizunguka kasi hii, ikibeba mzigo huu, ipewe petroli kiasi hiki, cheche ipigwe wakati huu. Harib hakuwahi kushika kompyuta. Alibonyeza kwa kidole cha shahada kimoja kama mtu anayejaribu joto la sufuria.

"Ni kama kupika harisa, dada," aliniambia. "Moto wako, maji yako, na wakati wa kuponda. Ukikosea kimoja, vyote vimekosea."

"Harisa sijawahi kuiunguza," nikamwambia.

Yeye aliunguza. Mwezi wa tatu wa kujifunza aliwahisha cheche kupita kiasi, pistoni moja ikatoboka kama tende iliyoliwa na mdudu. Thuwaini alinunua pistoni nyingine na Harib akaifunga mwenyewe, akikesha na aibu yake. Baada ya hapo alikuwa anaongeza namba kidogo kidogo, anapeleka gari barabara ya jangwani, anarudi, anafungua plagi zote sita za cheche anazipanga juu ya kitambaa cheupe nilichompa. Plagi zikisema, kompyuta inyamaze, alisema. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni njema. Nyeusi yenye unyevu, silinda imezama kwa petroli. Nyeupe kama chaki, ina njaa.

Na ugonjwa uliomsumbua zaidi ni ule mafundi wanaouita kumisi. Silinda moja inakataa kuwaka, injini inakohoa, gari linatikisika. Kuitafuta silinda iliyolala alikuwa na njia yake ya enzi za pampu ambayo vijana waliicheka mpaka walipoiona. Injini ikiwa baridi, anaiwasha, na mara ile ile ananyunyiza maji kwa chupa kwenye mabomba ya ekzosi, moja baada ya moja. Bomba linalotoa mvuke, silinda yake inafanya kazi. Linalobaki limelowa tu, hapo ndipo penye maiti. Sekunde kumi. Kisha anachomoa koili ya pale, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, anaihamishia silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama na koili, koili ndiyo mbaya. Ukibaki, ni plagi, au nozeli, au jambo la ndani zaidi.

Lakini ipo kumisi nyingine, akaniambia, ambayo gari likiwa limesimama haipo kabisa. Inakuja kwenye mzigo tu, tabo inaposukuma na kilima kinavuta. Hiyo huwezi kuinyunyizia maji. "Ni kama mtu anayekohoa akiwa kwenye sala tu," alisema.

Ijumaa ya kwanza ya msimu gari likapanda mpaka katikati, likakohoa mara tatu, likashuka kinyumenyume. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gari la upande wa wanawake na buli langu la kahawa, madirisha wazi, na nilisikia yote.

"Ami Harib, hilo gari au mbuzi mwenye mafua?"

"Lipeleke shambani likamwagilie mitende, limezoea."

Harib akacheka nao. Jioni ile hakula. Jumamosi alipofungua plagi akaona midomo yake imeachana mno, presha ya tabo inaizima cheche kama unavyozima kibiriti. Akaziminya kwa kipimo, akarekebisha jedwali lake, akaenda barabarani mara nne. Jumatano alirudi uso umefunguka.

"Imekaa, dada. Zote sita. Ijumaa watanyamaza."

Nami nikaona kazi yangu ndiyo inayobaki. Gari limetazamwa na watu mia mbili, wameiona tabo yake, wameisifu ngurumo yake, na sikusikia hata mmoja akitaja jina la Mungu. Lisikohoe kwa nini? Jicho halichagui kati ya mtoto mchanga na injini.

Kumfukiza mtu ubani wa kuondoa jicho hakufanywi juu ya nguo. Unainua kanzu kidogo, chetezo kinaingia chini, moshi unapanda mwilini. Kwa hiyo siku ile nilimuuliza Harib gari linapumulia wapi. Alifurahi mno nimeuliza. Akanionyesha bomba nene mbele ya injini na kichujio kama kofia mwishoni mwake.

"Hewa yote inaingia hapa, dada. Ikishapita kichujio inapita mbele ya waya huu. Umeuona? Mwembamba kuliko unywele. Waya una joto, hewa ikipita inaupoza, na kompyuta kwa kupoa kule inajua hewa kiasi gani imeingia, itoe petroli kiasi gani. Huo ndio ulimi wa injini. Huo ukidanganya, wote wamedanganyika."

Nikasema nimeuona.

Kila Alhamisi kabla ya laasiri alikuwa na desturi ya kuvua kichujio, akakipuliza mchanga kwa mashine ya upepo, akakiacha juani juu ya ukuta, injini ikibaki inazunguka taratibu ipate joto, naye anakwenda kutawadha na kwenda msikitini. Nikawa nakwenda wakati ule. Makaa mekundu, ubani wa Dhofar ule mweupe wa kijani, si huu wa dukani. Nikazunguka gari mara tatu nikisoma ninayoyajua. Kisha nikalisogezea chetezo mdomoni, pale kichujio kilipovuliwa. Injini iliuvuta moshi kama mzee anayevuta pumzi ya asubuhi. Hata kidogo haukumwagika. Nikafurahi kwa jinsi ilivyoupokea.

Harib aliponiona nikilizunguka, akitoka kwenda msikitini, alitabasamu. "Mola akulipe, dada." Lile la mdomoni hakuliona. Nami sikumficha. Sikuona kama ni jambo la kusimulia.

Ijumaa likapanda theluthi mbili, likakohoa.

Alhamisi iliyofuata nikaweka ubani zaidi.

Hivyo ndivyo ulivyokwenda msimu. Yeye kila Jumamosi anafungua plagi, zote nyeupe kama chaki. Njaa ya petroli, anasema, na anaitafuta njaa hiyo. Alibadilisha pampu ya petroli. Akabadilisha chujio la petroli. Akapeleka nozeli mjini zikaoshwa, akarudi nazo zimefungwa kwa karatasi kama dhahabu ya bibi harusi. Akabadilisha koili zote sita, akapima kompresheni ya kila silinda, sawasawa. Kisha akaanza kuongeza petroli kwenye jedwali, namba juu ya namba. Jumatatu anainyoosha, barabarani inakwenda vizuri, Ijumaa imepinda tena.

"Nikiishika huku inanitoka kule," aliniambia. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi. "Pampu ilikuwa ikiumwa inakaa na ugonjwa wake, unaukuta pale ulipouacha. Hii ugonjwa wake unatembea."

"Ni jicho."

"Huenda," alisema. Alikuwa amefika mahali pa kukubali chochote.

Alianza kutonisikia nikimwita chakulani. Alikuwa anasikiliza injini ambayo haikuwashwa. Mara moja nilimkuta bandani amezima taa, amelaza mkono juu ya boneti kama unavyompima mtoto homa. Mimi nimemtibu mtu huyu surua, nimemtibu jino, nimemtafutia mke na alipofiwa nikamzika mke. Siku ile nilirudi jikoni nikakoroga sufuria isiyo na kitu.

Mwezi wa pili wa msimu, kwenye baraza ya wanaume, mmoja akamwambia Thuwaini yuko fundi pwani, Dadrahim, ambaye magari yake hayashuki kinyumenyume. Harib alikuwepo. Thuwaini hakutaka kumjibu mbele yake, lakini Harib akamjibia. Nilisimuliwa maneno yake na zaidi ya mtu mmoja, na wote walisimulia sawa.

"Ijumaa ya mwisho ya msimu," alisema. "Lisipofika juu, lichukueni kwa Dadrahim, na mimi sitashika tena injini ya gari la mtu kwenye mchanga huu."

Neno limesemwa barazani. Kwetu hilo ni sawa na lililoandikwa.

Alhamisi ya mwisho nilifukiza mara mbili. Nilileta ubani niliokuwa nimeuhifadhia mazishi yangu.

Ijumaa sikukaa garini, nilisimama. Thuwaini akarudi nyuma mbali, akaja. Lilipita katikati, likapita theluthi mbili, watu wakaanza kupeleka mikono kwenye honi, na zikiwa zimebaki kama hatua thelathini likakohoa, tu, tu, tu, kama mtu anayegongwa mgongo, matairi yakachimba, likakaa. Kisha likashuka kinyumenyume, limekunja upande, na mchanga ukashuka nalo. Safari hii hakuna aliyemtania Harib. Ingekuwa nafuu wangemtania.

Usiku ule gari lililala kwetu, Thuwaini angelichukua asubuhi. Jumamosi baada ya alfajiri nikasikia boneti ikifunguka. Nikaenda na kahawa.

"Unafanya nini? Si umesema hushiki tena?"

"Nalisafisha. Mtu harudishi chombo cha watu kichafu."

Akafuta kila kitu kwa kitambaa. Akavua bomba la hewa alifute ndani. Akakichomoa kile kipimo chenye waya, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Waya uliokuwa unang'aa ulikuwa umevaa ngozi ya manjano, kama tumbo la buli la kahawa la zamani. Akakisogeza puani. Sikuona kitu usoni mwake. Akanusa tena, akanitazama mimi, akatazama chetezo changu juu ya ukuta.

"Dada," akasema taratibu, "ulikuwa unafukiza wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Nikaweka kikombe cha kahawa chini. Yeye alichukua spiriti na brashi laini ya wanja, akauosha waya ule kwa uangalifu kama jicho la mtoto, mpaka ukang'aa. Akafungua kompyuta. Akafuta namba zote alizoziongeza miezi mitatu, akalirudisha jedwali la ile Jumatano ya kwanza, lile alilosema limekaa. Akafunga bomba, akaliwasha gari, akasikiliza kidogo sana.

"Lilikuwa limepona," akasema. "Tangu siku ile lilikuwa limepona."

"Nenda kawaambie."

"Niwaambie dada yangu ameharibu?"

"Waambie. Mimi siogopi watu."

"Jina lako halitajwi kwenye baraza ya wanaume kwa jambo kama hili. Hata nikifa halitajwi." Akafunga boneti. "Na neno nimeshalitoa."

Thuwaini alipokuja Harib alimpa ufunguo, akamshukuru, akaingia ndani. Mimi nikamfuata Thuwaini mpaka kwenye mlango wa gari. Sijawahi katika umri wangu kumwambia mtu kwamba nimekosea, na nilimwambia kijana niliyemkata kitovu.

"Thuwaini, mwanangu, ni mimi. Nilikuwa nafukiza mdomoni mwa injini. Ubani umeganda kwenye waya wake. Harib hana kosa. Sasa ameuosha, gari ni zima. Lipeleke Kilimani uone."

Akanibusu kichwani. "Mama Ghaniya, Kilima wamekifunga jana, mpaka baridi nyingine. Na wewe usijisumbue. Dada lazima amkinge nduguye, ningekuwa na dada kama wewe ningefurahi."

"Sisemi uongo."

"Mama, ubani tunawafukizia watoto wa siku saba. Utaidhuru injini ya chuma?"

"Kanuse mwenyewe."

Alinusa, kwa adabu. Harib alikuwa ameshausafisha. Hapakuwa na kitu isipokuwa spiriti.

Nilimwambia mama yake Thuwaini, nikamwambia imamu, nikamwambia mwanamke anayeuza mkate mwembamba wa rakhali sokoni. Wote walinisikiliza kwa huruma. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kuniona mwema na kumwona Harib ameshindwa. Nikanyamaza. Ubani haukuwa na kosa, hilo nalisema mpaka leo. Mkono wangu ndio uliokosea mlango. Lakini kosa ni langu na adhabu ameibeba yeye.

Harib akauza ile kompyuta na vipimo vyake kwa mtu wa Ibra. Banda likarudi kuwa la mbuzi. Kiangazi kizima alikuwa akitengeneza jenereta za watu wa kambi za jangwani, hizo zenye silinda moja, ambazo hata mlevi angezitengeneza.

Baridi iliyofuata hakutaka kwenda Kilimani. Mimi nilimwambia atanipeleka, na kama hataki nitakwenda kwa miguu. Akanipeleka. Tulisimama mbali, nyuma ya magari. Thuwaini alikuja na gari lake na Dadrahim amekaa kando yake, mtu mpole mwenye mikono safi. Wakapunguza upepo. Likarudi nyuma, likakimbia.

Harib alikuwa amefumba macho. Lilipofika katikati mdomo wake ulianza kusogea, na nikajua anahesabu. Liliungurumisha mchanga mpaka theluthi mbili, likapita pale pa mwaka jana bila kikohozi hata kimoja, likatoweka juu ya ukingo, na honi zikalia bonde zima.

"Zote sita," Harib akasema. Akafumbua macho. "Dada, jedwali langu hilo. Hakuligusa. Pale gia ya pili inapovuta pumzi kabla ya tabo kushika, nimepaweka mimi. Nilikaa napo wiki mbili."

Wanaume walikuwa wamemzunguka Dadrahim, wanamshika mikono. Mmoja wao, wa barazani, akatuona, akaja amejaa furaha.

"Umeona, ami Harib? Ndiyo ufundi huo."

"Nimeona," Harib akasema. "Mashaallah."

Nikafungua mdomo. Harib akanishika kiganja, akakibana kidogo, kama nilivyokuwa nikimbana alipokuwa mdogo mbele ya wageni. Nikafunga mdomo.

"Sasa ami," yule mtu akaendelea, "jenereta ya taa pale kwenye hema imekataa kuwaka, na jua linazama. Njoo ututazamie."

Harib akajifuta mikono kwenye kanzu ingawa haikuwa na kitu, akaenda.